Tairi Kubwa Kwenye Mlima wa Mkoani

Abiria wa boti kutoka Unguja wakishuka bandarini Mkoani na kupanda gari la Chake Chake, barabara haiwapi nafasi ya kutulia: inaanza na mlima. Mji wenyewe umekaa kwenye mteremko, na ukishautoka unapanda na kushuka karibu njia nzima. Magharibi na katikati ya Pemba ndivyo kulivyo. Anayetaka tambarare aende upande wa Micheweni. Dereva wa huku basi hagundui polepole kwamba gari lake limekuwa zito. Analalamika injini imechoka, fundi anapima kompresheni, anakuta nzima. Kilichobadilika ni matairi.

Injini huzunguka haraka sana, lakini nguvu yake ya kusokota peke yake haitoshi kupandisha watu na magunia ya karafuu. Giaboksi na difu hupunguza mwendo huo ili nguvu iongezeke. Ndani ya difu, pinioni ndogo huzungusha kraunwili kubwa. Pinioni ikiwa na meno 10 na kraunwili 41, pinioni huzunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Gia namba moja nayo ikipunguza mara nne, injini imezunguka zaidi ya mara 16 kwa mzunguko mmoja tu wa gurudumu. Gari linakwenda mwendo wa kinyonga, lakini linapanda.

Somo hili ni la zamani kama gari lenyewe. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe Karl, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, kilomita zaidi ya 100. Kwenye milima walilazimika kushuka na kusukuma. Aliporudi alimshauri mumewe aongeze gia nzito ya kupandia.

Sasa tazama maandishi ubavuni mwa tairi. 195/70R15 maana yake upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Piga hesabu: kipenyo ni milimita 654. Mwenye gari akiona matairi ya 195/80R15 yanapendeza, yanalinyanyua gari juu ya mashimo, kipenyo kinafika 693. Tofauti ni kama vidole viwili tu, wala jicho haliishtukii. Lakini kila mzunguko gari linasogea sentimita 12 zaidi, na kwa kuwa injini haikuongezewa chochote, msukumo barabarani unapungua kwa karibu asilimia 6. Ni sawa na mtu kukuchomolea difu ya 4.1 usiku na kukufungia ya 3.87. Namba mbili uliyozoea kupandia inaanza kukata pumzi, unarudi namba moja, klachi inaungua na mafuta yanaliwa.

Saa ya mwendo nayo inadanganya. Inahesabu mizunguko, haijui ukubwa wa tairi. Ikisoma 60, wewe uko karibu 64. Trafiki hatakusikiliza.

Kwenye tambarare mabadiliko hayohayo yana faida yake: injini inatulia kidogo kwa mwendo uleule. Mimi nisingeyafunga matairi hayo kwenye gari la mizigo la Pemba, na si kwa sababu ya kupanda. Wakati wa kuteremka, gia nzito ndiyo inayolishika gari, na tairi kubwa linapunguza mshiko huo kwa kiasi kilekile. Linapunguza na nguvu ya breki. Gari lililojaa linashuka kuelekea bandarini huku breki zikifanya kazi ya ziada.

Anayeyataka kwa lazima anaweza kutafuta difu ya meno 39 kwa 9, ambayo inarejesha karibu nguvu yote. Wa kawaida abaki na saizi ya gari lake; kuijua, afungue mlango wa dereva: kwenye magari mengi ya Japani kuna kibandiko kwenye nguzo. Maneno ni ya Kijapani, lakini saizi ya tairi inasomeka.