FUNDI MITAMBO NAYE NI MFANYAKAZI

Bendi inapomaliza wimbo wake wa mwisho, watu hupiga makofi, wanamuziki hushuka jukwaani wakijifuta jasho, na taa za ukumbi huwashwa. Wengi hudhani kwamba kazi ya usiku ule imekwisha. Kwetu sisi mafundi mitambo hapo ndipo nusu ya pili inapoanza: kuzima amplifaya, kukunja waya, kuteremsha spika, kubeba kila kitu mpaka garini, na kuondoka usiku uleule kwenda mji mwingine, pengine nchi nyingine.

Fundi mitambo ni yule mtu anayesimama nyuma ya mikisa, akitazama jukwaa kwa mbali. Sauti ya kila mwimbaji, kila gitaa na kila tumba hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mchezaji. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka. Spika zikipiga mluzi, ukumbi mzima hugeuka kumtazama.

Ndugu wasomaji, makala haya hatukuyaandika ili tusifiwe. Tumeyaandika kwa sababu ya karatasi moja. Kabla ya safari moja ya kwenda Kigali tulionyeshwa mapatano kati ya bendi na promota. Majina ya wanamuziki yalikuwa juu, pamoja na malipo yao na vyumba vyao vya kulala. Sisi tulitafuta majina yetu tusiyaone. Tukayatafuta tena, tukajikuta ukurasa wa pili, katika orodha ya mizigo: spika nane, amplifaya nne, mafundi watatu.

SAA 40 BILA KITANDA

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa saa sita mchana tulianza kushusha vyombo katika ukumbi mmoja mjini Kampala. Jioni tulijaribu mitambo, na usiku bendi ikapiga mpaka saa nane. Tulifungua na kupakia mpaka saa kumi, kisha tukaingia barabarani. Wanamuziki walikwenda kulala, wakatufuata asubuhi kwa basi dogo. Gari la vyombo halikuweza kungoja asubuhi, kwa kuwa lazima litangulie kufika.

Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 500. Inapita Masaka, Mbarara na Ntungamo, kisha inapanda milima mpaka Kabale na kuteremka Katuna mpakani. Dereva alikuwa mmoja wetu, yuleyule aliyekuwa amesimama kwenye mikisa usiku kucha. Kabla ya kufika Kabale alisinzia. Magurudumu ya kushoto yalitoka kwenye lami, gari likayumba, na aliyekaa kando yake akapiga kelele na kuushika usukani. Tulisimama, tukateremka, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Spika moja ilikuwa imepasuka. Tulipofika, swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa juu ya spika hiyo.

Mpakani unatoa orodha ya vyombo, kila kimoja na namba yake, ili ijulikane kwamba vinaingia kwa muda tu na vitarudi. Tulikuwa tumesahau kuandika namba za amplifaya mbili. Kosa lilikuwa letu, na lilitugharimu saa mbili. Baada ya kuvuka, unaacha kuendesha upande wa kushoto na kuanza upande wa kulia, maana ndiyo sheria ya Rwanda. Kwa mtu aliyelala hilo ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye hajafumba macho tangu jana yake ni hatari.

Kigali tulifika saa tisa alasiri kwa saa za huko, ambazo ziko nyuma ya saa za Kampala kwa saa moja. Tukafunga mitambo, bendi ikapiga, tukafungua tena, na tukamaliza saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Tangu tulipoanza Kampala zilikuwa zimepita saa 40, na usingizi wetu ulikuwa wa kusinzia kwa zamu katika viti vya gari.

Mwaka 1979 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 153 juu ya saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabara. Kanuni zake kuu ni kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, kuendesha kwake kusizidi saa tisa kwa siku, na apate angalau saa 10 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Lakini fundi mitambo akishika usukani hahesabiwi kuwa dereva. Akifunga waya hahesabiwi kuwa fundi umeme. Akibeba spika hahesabiwi kuwa mpagazi. Hufanya kazi zote hizo kwa malipo ya kazi moja.

WAYA WA TATU

Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na wa Rwanda ni wa volti 230. Tofauti hiyo haina neno. Tofauti kubwa iko kwenye soketi. Uganda hutumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu za bapa, Rwanda hutumia plagi yenye pini za mviringo. Aliyesahau adapta hufanya lile tunalolijua sote: hukata plagi, humenya waya, na kuuchomeka ukiwa uchi kwa njiti za kiberiti. Muziki unasikika, na watu wanacheza. Lakini waya wa tatu, yaani ethi, umebaki ukining'inia.

Ethi ndiyo njia ya kutorokea umeme. Mtambo ukiharibika ndani na umeme ukagusa bati lake, ethi huupeleka ardhini. Bila ethi umeme hubaki pale kwenye bati na kwenye nyuzi za gitaa, ukimngoja mtu. Mpiga gitaa anashika nyuzi, anasogeza mdomo kwenye kipaza sauti kilichounganishwa na mtambo mwingine, na mwili wake ndio unakuwa waya. Mwezi Mei 1972 huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani kwa njia ya namna hiyo, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Katika mji mmoja, ambao hatutautaja, mwimbaji wetu alilalamika kwamba kipaza sauti kinamuuma midomo. Mwenye shughuli akatuambia tukivike sponji tuendelee. Kijana wetu naye alikuwa na wasiwasi.

"Mzee, watu wameshajaa," alisema.

"Watangoja," alijibu mkubwa wetu. "Maiti haimbi."

Tulipigilia chuma kirefu kwenye udongo nyuma ya ukumbi, tukaumwagia maji, tukavuta waya mpya wa ethi, na kufunga ile swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo hatusafiri bila ya kuwa nayo. Tulipima kwa mita mpaka tukaridhika. Kazi hiyo ilichukua dakika 40. Mwimbaji aliimba salama, na sisi tukakatwa malipo kwa kuchelewesha dansi.

MASIKIO NDIYO JEMBE LETU

Mkulima jembe lake likiisha hununua jingine. Jembe la fundi mitambo ni masikio yake, nayo hayauzwi dukani.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri kwamba mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mita yetu pale kwenye mikisa husoma karibu na 100 usiku mwingi. Basi nyimbo mbili au tatu ndefu zikimalizika, posho ya masikio yetu ya siku nzima imekwisha, na bendi ina saa nne nyingine za kupiga.

Tena sikio lililochoka hudanganya. Ifikapo saa saba usiku, fundi huona sauti nyembamba zimefifia. Anazipandisha. Wapiga magitaa nao wanapandisha yao ili wajisikie. Kwa hiyo mwisho wa dansi huwa na kelele kuliko mwanzo, na aliyeongeza kelele hiyo ni yule aliyewekwa pale kuizuia.

Mwenzetu mmoja amefanya kazi hii zaidi ya miaka 20. Mkewe akimwita kutoka jikoni, husikia kwamba ameitwa lakini hajui ameambiwa nini. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: kwa kawaida huanza kula sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000, na hizo ndizo zinazotenganisha herufi kama s, f na t. Aliificha hali yake kwa miaka, kwa kuwa fundi asiyesikia vizuri hapewi kazi. Alipoacha hakupata fidia hata senti moja, maana hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Kwingineko jambo hili limetambuliwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 juu ya kelele kazini imewahusu wafanyakazi wa muziki na burudani tangu Februari 2008. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15, na vizibo vya masikio viwepo. Mwaka huohuo ILO iliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi.

TUNACHODAI

Kuona muziki kuwa ajira si jambo geni kwetu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA, Tanzania, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Wanamuziki wa bendi za namna hiyo walilipwa mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, maana aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Lakini ulikubali kwamba mtu wa muziki ana mwajiri, na mwajiri ana wajibu.

Sisi tunadai mambo manne. Kwanza, mkataba wenye jina la kila fundi, kazi yake na malipo yake. Pili, gari la vyombo lisiondoke usiku uleule bila dereva aliyelala. Tatu, mtambo usiwashwe kabla ya ethi kupimwa, na anayeipima asikatwe malipo. Nne, vizibo vya masikio, kupimwa masikio kila mwaka, na fidia kwa anayeumia, hata kama ameumia ng'ambo ya mpaka.

Kabla ya safari yetu ya mwisho tulikwenda kwa promota tukiwa watatu, pamoja na wanamuziki wawili waliokubali kusimama nasi. Tulipata la kwanza na la pili. La tatu aliahidi kwa mdomo, la nne alikataa. Tuliondoka Kampala Jumamosi saa nne asubuhi, tukiwa na dereva wa kukodi aliyelala kwake, na dansi la Kigali likasogezwa hadi Jumapili. Hakuna aliyesinzia njiani.

Ndugu mafundi, huko Kigali, Nairobi, Mwanza na kwingineko, mkiletewa karatasi msiisome ukurasa wa kwanza tu. Fungueni wa pili mwone mmeandikwa wapi. Na kama mmeandikwa pamoja na spika, msipande gari peke yenu. Kwanza njooni chamani tuzungumze.