Kabla ya Kuling'oa Jino: Mwongozo wa Matibabu ya Mzizi kwa Wakaazi wa Pemba

Matibabu ya mzizi wa jino ni tiba ambayo daktari wa meno huondoa kiini kilichoungua au kilichokufa ndani ya jino, husafisha njia zake hadi kwenye ncha za mizizi, kisha huziziba ili jino libaki mahali pake na liendelee kutafuna. Wengi wetu tumekua tukijua dawa moja tu ya jino linaloamsha watu usiku, nayo ni koleo. Ndiyo maana mtu huingia katika chumba cha daktari akiwa amekwisha kuamua, na husema "ling'oe" kabla hata hajaulizwa. Katika makala haya tunaeleza kwa nini inafaa kutanguliza swali: je, jino hili linaweza kuokolewa?

Jino kwa nje ni gumu kuliko mfupa. Tabaka lake la juu, enameli, halina hisia. Chini yake lipo tabaka laini zaidi liitwalo dentini, na katikati kabisa ipo nafasi ndogo yenye nyama laini, mishipa ya damu na neva. Hicho ndicho kiini. Kutoka hapo njia nyembamba hushuka ndani ya mizizi hadi kwenye taya. Meno ya mbele ya juu kwa kawaida huwa na njia moja, ilhali gego la chini mara nyingi huwa na tatu, na magego mengine huwa na nne. Tofauti hii ndiyo inayofanya tiba ya gego ichukue muda mrefu na igharimu zaidi kuliko tiba ya jino la mbele.

Wazee walisema jino limeliwa na mdudu. Mdudu hayupo, lakini vijidudu vya bakteria vipo, navyo hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa jino polepole. Kashata na halua pamoja na kikombe cha kahawa havina lawama peke yao. Chai tamu inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima hudhuru zaidi, kwa sababu asidi haipati nafasi ya kupoa. Tundu likiwa bado katika enameli au dentini, kuziba kwa kawaida kunatosha. Likifika kwenye kiini, kiini huvimba. Na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia. Hapo ndipo maumivu yale yasiyokubali mto wala dua ya usiku mmoja.

Dalili za hatua hii zinajulikana. Maji baridi au chai ya moto huacha maumivu yanayoendelea kwa dakika kadhaa baada ya kumeza. Jino huanza kuuma lenyewe, hasa mtu akilala. Baadaye linaweza kuuma likigongwa au likitafuniwa, au kijipu kidogo kikatokea kwenye ufizi na kutoa usaha. Jino la mbele lililowahi kupigwa, kwa mfano mtoto wa skuli aliyeanguka au mchumaji aliyeteleza mkarafuuni, linaweza kugeuka rangi na kuwa la kijivu miezi au miaka baadaye bila ya maumivu yoyote. Nalo pia limekufa ndani.

Maumivu yakikatika ghafla baada ya wiki ya mateso, msomaji asifurahi mapema. Mara nyingi maana yake ni kwamba neva imekufa. Vijidudu havikufa pamoja nayo. Vinaendelea kushuka kwenye mizizi na kula mfupa wa taya kimyakimya.

Karafuu na vidonge

Hakuna nyumba Pemba isiyojua kuwa karafuu hutuliza jino, na ujuzi huo si wa kubezwa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo eujenoli, ambayo hutia ganzi kwenye neva na hupunguza nguvu za vijidudu. Mafuta yanayokamuliwa kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, yana kemikali hiyo hiyo. Madaktari wa meno duniani kote huchanganya eujenoli na unga wa oksaidi ya zinki kutengeneza zibo la muda, na baadhi ya saruji zinazotumika kuzibia njia za mizizi hutengenezwa kwa mchanganyiko huo. Mpemba anayefungua mdomo kwenye kiti cha daktari na kusikia harufu ya shambani kwao hakosei.

Lakini punje ya karafuu iliyosukumwa ndani ya tundu hutuliza tu. Haiondoi kiini kilichooza, na haifiki chini ya mzizi. Mafuta halisi yasiyochanganywa, yakimiminwa moja kwa moja mdomoni, huunguza ufizi na ulimi. Itumike usiku mmoja kumfikisha mgonjwa asubuhi. Isitumike mwezi mzima badala ya tiba.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni vidonge vya antibayotiki vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti cha daktari. Mtu hununua dozi ya siku tatu, uvimbe hupungua, naye huona amepona. Baada ya wiki chache uvimbe hurudi, hununua tena. Sababu ni rahisi kueleza. Dawa inayomezwa husafirishwa na damu, na jino ambalo kiini chake kimekufa halina tena damu inayoingia ndani yake. Dawa inapita jirani, haiingii. Antibayotiki zina kazi yake pale ambapo maambukizo yameenea nje ya jino, mtu ana homa au uso umevimba, na hata hapo huenda pamoja na kusafisha jino au kulitoa. Kuzitumia ovyo huzoesha vijidudu kuzishinda, na hasara hiyo humfika hata jirani asiyeumwa na jino.

Yanayofanyika kwenye kiti

Daktari huanza kwa kuuliza, kugonga jino na kupiga picha ya eksirei. Bila ya picha hawezi kujua urefu wa mizizi, wala kuona kama mfupa ulio chini yake umeathirika. Mgonjwa ana haki ya kuoneshwa picha hiyo na kuelezwa.

Kisha huja sindano ya ganzi. Hofu kubwa ya watu wetu ipo hapa, na imejengwa juu ya hadithi za zamani. Kwa ganzi iliyoshika vizuri, kinachosikika ni mtikiso na kazi ya mikono, si maumivu. Jino lenye uvimbe mkali wakati mwingine hukataa ganzi ya mwanzo. Mgonjwa asijikaze kwa aibu, anyanyue mkono, na daktari ataongeza.

Jino hutobolewa juu, na kiini hutolewa kwa sindano nyembamba zenye meno madogo ya kukwangua. Njia husafishwa mara nyingi kwa dawa ya maji ya jamii ya klorini, na kwa sababu dawa hiyo ni kali, jino hutengwa kwa kipande cha mpira mwembamba kinachozuia dawa isimwagike kooni na mate yasirudi ndani. Ukiona mpira huo umetandazwa mdomoni, ni alama ya kazi inayofanywa kwa uangalifu.

Njia zikishakauka, hujazwa kwa utomvu mgumu uitwao gutapacha, unaotokana na miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na saruji yake. Kazi yote inaweza kumalizika kwa siku moja. Jino lenye usaha mara nyingi huhitaji miadi miwili au mitatu, huku dawa ikiachwa ndani katikati ya miadi na juu pakizibwa kwa muda.

Zibo hilo la muda ndilo linalopoteza meno mengi yaliyokuwa yameokolewa nusu. Maumivu yamekwisha, safari ya kutoka Micheweni au Kojani ni ya gharama, msimu wa karafuu umeanza, na mgonjwa harudi. Zibo la muda limetengenezwa lidumu wiki chache. Baada ya hapo huvuja, vijidudu huingia upya, na kazi na fedha zote huwa zimepotea. Asiyekuwa na hakika ya kurudi amwambie daktari tangu siku ya kwanza, ili wapange miadi inayolingana na shughuli zake, au waamue njia nyingine.

Gego lililotibiwa huhitaji pia kifuniko imara, ambacho wengi hukiita kofia ya jino. Jino hilo limepoteza sehemu kubwa ya ukuta wake, na likiachwa na zibo tu linaweza kupasuka siku ya kutafuna mfupa. Jino la mbele ambalo halikuvunjika sana linaweza kutosheka na zibo zuri la kudumu.

Siku mbili tatu baada ya tiba, jino linaweza kuwa na maumivu madogo ya kugusa, na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Wanaosema kuwa jino limeuliwa hawasemi sawa kabisa. Limeondolewa hisia za baridi na moto, lakini bado limeshikwa na nyuzi hai zinazoliunganisha na taya, na kwa hizo mtu huendelea kusikia anapouma.

Bei, maswali na mahali

Vitengo vya meno vya hospitali za Serikali ndipo pa kuanzia. Si kila mahali panapong'oa meno panafanya pia matibabu ya mizizi, na magego ni magumu kuliko meno ya mbele. Basi uliza waziwazi: je, tiba hii inafanyika hapa? Kama haifanyiki, omba barua ya rufaa, pamoja na picha yako ya eksirei, kabla ya kupanda boti kwenda Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja au kwengineko. Mwenye bima, pamoja na wanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, aulize kwanza kama tiba hii na kofia vimo katika mafao yake.

Katika kliniki binafsi, shida inayojirudia ni bei iliyotajwa nusu. Mteja huambiwa kiasi cha tiba ya mzizi, kisha akakuta picha, miadi ya pili na kofia vina malipo yake. Omba jumla ya gharama kwa maandishi, ikitaja jino lenyewe, idadi ya miadi, na kama zibo la kudumu na kofia vimo ndani. Linganisha jumla hiyo na gharama ya kung'oa pamoja na jino la bandia, si na gharama ya kung'oa peke yake. Pengo la gego halikai vivi hivi: meno ya jirani huinamia, na la upande wa pili hurefuka kulifuata. Aliyepoteza magego mawili hujua kwamba hata pweza aliyepikwa vizuri huwa kazi.

Hata hivyo hatusemi kila jino liokolewe. Jino lililopasuka hadi mzizini, lililobakia kipande kidogo kisichoweza kushika zibo, au linalocheza kwa sababu mfupa umekwisha, ni afadhali litolewe. Daktari mkweli atalisema hilo, na kumlipa ili asafishe mizizi ya jino lisilo na matumaini ni kutupa fedha. Meno ya utoto nayo yana tiba yake tofauti, kwa kuwa yatang'oka yenyewe.

Mwenye kisukari, mjamzito, anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye mzio amweleze daktari kabla ya sindano. Ujauzito hauzuii kutibiwa jino, na maambukizo yaliyoachwa ni mabaya zaidi kwa mama. Katika mwezi wa Ramadhani wengi huahirisha kwa kuhofia saumu. Swali hilo aulizwe mapema mwanachuoni unayemwamini, na daktari aombwe miadi ya usiku panapowezekana.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi wala Idi. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, mdomo usiofunguka, shida ya kumeza au kupumua, na homa pamoja na uso kuvimba ni hatari ya maisha, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vilevile jino la ukubwani lililong'oka zima kwa kuanguka lishikwe upande wa kutafunia bila ya kugusa mzizi, lisuuzwe kidogo, lirudishwe kwenye tundu lake au litiwe katika maziwa, na mwenyewe afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino hilo likishika, mara nyingi litahitaji matibabu ya mzizi baadaye.

Weka risiti, kadi ya miadi na picha zako. Ukiwa na lalamiko kuhusu bei iliyobadilishwa, huduma iliyolipiwa isitolewe, au risiti iliyokataliwa, tuletee sisi pamoja na karatasi hizo. Lalamiko linalohusu utaalamu wa daktari au usafi wa vifaa vyake lipelekwe kwa uongozi wa hospitali au kwa Baraza la Madaktari, nasi tutakuonesha njia ya kulifikisha.