Noeli ya Mwaka 1914: Siku Moja, Maana Nyingi

Kila mwisho wa mwaka tunasikia watu wakisema: "Noeli inakuja, Bonane inakuja, hata wenye bunduki wataheshimu sikukuu." Je, wataiheshimu kwa sababu ipi? Tuangalie jambo lililotokea kweli kule Ulaya, wakati wa baridi kali ya mwaka 1914.

Vita kubwa ilianza mwisho wa mwezi wa saba mwaka ule. Mwezi uliofuata ilifika hata kwenye Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo. Mwezi wa kumi na mbili Papa Benedikto wa 15 aliomba silaha zinyamaze siku ya Noeli. Serikali hazikupatana juu ya hilo. Lakini usiku wa tarehe 24, huko Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, askari Wajerumani waliweka miti midogo yenye mishumaa juu ya mahandaki yao, wakaanza kuimba. Waingereza ng'ambo wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha, wengi walitoka bila silaha, wakasalimiana kwa mikono.

Usifikiri kwamba wote walikuwa na moyo mmoja. Kwa Mjerumani, usiku wa tarehe 24 ndio wenyewe, usiku wa jamaa na mti wa mishumaa. Mwingereza alingoja tarehe 25, na chakula chake. Waskoti wengi hawakuijali sana Noeli. Sikukuu yao kubwa ilikuwa Bonane, na kwao Noeli ilifanywa siku ya mapumziko ya serikali mwaka 1958 tu. Walikuwapo pia Wahindi wa kikosi cha Garhwal, ambao si Wakristo kabisa, nao walikutana na Wajerumani katikati ya uwanja. Mwaka ule askari wa Uingereza walitumiwa visanduku vya zawadi kwa jina la binti wa mfalme, Mary. Wengi walipata tumbako. Masingasinga, ambao dini yao inakataza tumbako, waliwekewa sukari na viungo. Huyo aliyepanga zawadi alikuwa ameuliza kwanza jirani yake anakula nini!

Na Mfaransa je? Na Mbelgiji? Hao walikuwa wakipigana katika nchi yao wenyewe, adui amekalia mashamba na nyumba zao. Kwao kumpa Mjerumani mkono lilikuwa jambo gumu, na upande wao mapatano yalikuwa machache. Usiwahukumu haraka. Mtu aliyefukuzwa shambani kwake anasikia wimbo wa sikukuu kwa sikio lingine, nawe unayejua maisha ya kukimbia huhitaji kuelezwa.

Basi ni kitu gani kiliwaunganisha? Mara nyingi ilikuwa maiti. Katikati ya mahandaki walilala wafu ambao hakuna aliyeweza kuwafikia. Karibu na Fleurbaix, Waskoti na Wajerumani walizika wafu wao pamoja, na Zaburi ya 23 ikasomwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani. Hapo hawakuulizana kama wanaielewa Noeli sawasawa. Walipatana juu ya kazi moja, mahali pamoja, kwa saa zinazojulikana.

Wengine walikuwa na sababu zao za siri. Walitengeneza mahandaki yaliyojaa maji, au walitembea wakichungulia bunduki za adui zimewekwa wapi. Na mahali pengine risasi hazikunyamaza. Watu walikufa siku ileile ya Noeli. Wakubwa wa jeshi walikasirika, na mwaka 1915 waliweka amri kali ili jambo lile lisirudi.

Huko Frelinghien, Wajerumani walikuwa wamewapa Waingereza mapipa ya pombe, nao wakapewa keki za Noeli. Tarehe 26, saa mbili na nusu asubuhi, kapiteni Mwingereza alipiga risasi tatu hewani, akapandisha bendera yenye salamu za Noeli, akasimama juu ya handaki. Mjerumani akapandisha shuka lililoandikwa asante, naye akasimama. Wakainamiana, wakapigiana saluti, kila mmoja akashuka handakini mwake. Kisha Mjerumani akapiga risasi mbili hewani, na vita ikaanza tena.