Mstaafu au Aliyeacha Jukwaa?

Mfasiri wa habari za baleti hukwama mahali asipotazamia. Majina ya miondoko hayamsumbui, kwani ni ya Kifaransa na hutumika hivyo hivyo ulimwenguni kote. Kinachomsumbua ni jina la mchezaji aliyegeuka mwalimu.

Wengi huandika "mstaafu". Sisi hatuliafiki. Katika ofisi zetu mstaafu ni mtu aliyemaliza utumishi na kushika kiinua mgongo chake. Na tumtazame Agrippina Vaganova wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1879. Aliacha jukwaa mwaka 1916, kisha akafundisha hadi uzeeni. Kitabu chake cha misingi ya dansi hiyo kilitoka mwaka 1934, na mwaka 1957, miaka sita baada ya kufa kwake, chuo alichofundisha mjini Leningrad kikapewa jina lake. Kumwita mstaafu wa 1916 ni kumfutia kazi iliyompa sifa. Hivyo tunapendekeza "mchezaji aliyeacha jukwaa".

Afundishaye chuoni ni "mwalimu". Yule awasimamiaye wachezaji waliokwisha kuhitimu, akiwarithisha michezo aliyoicheza mwenyewe, aitwe "msimamizi wa mazoezi". "Fundi" lingependeza zaidi, lakini tumeliacha kwa shingo upande, maana msomaji angemdhania mshona viatu vya wachezaji. "Mkufunzi" libaki kwa mwenye kuwafunza walimu, kama ilivyo katika vyuo vyetu vya ualimu. Vaganova alistahili jina hilo pia.