Oili ya Injini: Dawa Imo Tayari Ndani Yake



Vikundi vingi hapa Kibwezi vina mashini ya posho au pampu ya maji inayoendeshwa na injini ya dizeli. Pesa zake zilichangwa na wanachama kidogo kidogo. Injini ikifa, kina mama wanarudi kubeba mahindi mbali. Ndiyo maana mara nyingi tunaulizwa: je, tuongeze ile dawa ya chupa ili beringi zisikwaruzike?

Kwanza tuone beringi inavyofanya kazi. Mwaka 1883, Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, na oili ikapanda ikitoka. Akaziba kwa kizibo cha mti, oili ikakisukuma nje! Ndipo ikaonekana kwamba shafti inayozunguka huvuta oili, na oili hiyo hubeba mzigo wote. Chuma hakigusi chuma. Beringi za krankishafti hufanya vivyo hivyo. Hapa kinachohesabika ni uzito wa oili, ile namba iliyoandikwa kwenye mkebe. Dawa haina kazi kubwa.

Shida iko wakati wa kuwasha, kuzima, au mzigo ukizidi. Oili hupungua katikati na vyuma hugusana. Hapo ndipo dawa husaidia. Iko yenye zinki na fosforasi: palipo na joto la kusuguana hujenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Haipunguzi sana msuguano, lakini huzuia chuma kulika. Nyingine hushika chuma kwa upande mmoja na kuacha upande wa utelezi nje. Hiyo ndiyo hupunguza msuguano. Iko pia kama sabuni, inayosafisha masizi. Kwa hivyo oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema si ajabu, sabuni inafanya kazi.

Dawa hizi kiwanda kimeshazitia kwa kipimo. Ukiongeza nyingine unaweza kuharibu kipimo hicho. Lakini pia huisha, na hakuna anayeziona zikiisha. Kwa hivyo:

1. Tumieni oili ya namba na aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini.
2. Msitie oili ya gia kwenye injini. Dawa yake ya salfa inaweza kula bushi za shaba zikipata moto.
3. Andikeni masaa ya kazi kwenye daftari. Mkisaga masaa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni masaa 30. Kitabu kikisema mbadilishe oili kila masaa 250, basi ni kila wiki 8.
4. Pimeni oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na mfunike mkebe vumbi lisiingie.

Pesa ya ile chupa iwekeni kando kwa oili mpya. Mjadiliane jambo hili kwenye mkutano ujao, na yule anayeendesha mashini awepo.