Fahamu: Kitabu kilichoiponza bodi ya shule Marekani

Mwaka 2004, bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, iliagiza wanafunzi wa baiolojia wasomewe tamko: nadharia ya Darwin ina mapengo, na maktaba ina kitabu kinachosema uhai ulibuniwa na mwenye akili. Wazazi 11 wakashtaki.

Rasimu za kitabu hicho ndizo zilizoiumbua bodi. Mahakama ya Juu ilipokataza kufundisha uumbaji kama sayansi mwaka 1987, waandishi walifuta “wanauumbaji” wakabandika “watetezi wa ubunifu”. Mahali pamoja walifuta vibaya, maneno yakagandana! Desemba 2005 Jaji John Jones, tena mteule wa Rais Bush, aliamua kwamba dhana hiyo ya ubunifu ni dini. Wapigakura walikwishaing'oa bodi Novemba; wajumbe wapya wa bodi hawakukata rufaa.