Mbuni Huzaliwa Mara Mbili

Juma hili napenda tuzungumze juu ya mbuni. Simaanishi yule ndege mwenye mbio asiyeruka, bali mti wa kahawa. Na hasa nataka tuutazame mti mpya wa kahawa: jinsi unavyopatikana, na kwa nini huchukua muda mrefu kumfikia mkulima wa Kasulu ambaye ndiye anayeuhitaji.

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Manyovu karibu na mpaka wa Burundi, wakulima wadogo hulima kahawa aina ya arabika pamoja na migomba na maharage. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kasulu ya zamani hivi sasa imo katika Wilaya ya Buhigwe, iliyogawanywa mwaka 2012. Mahindi, mihogo na maharage huliwa nyumbani na ziada huuzwa kidogo kidogo. Kahawa hailiwi. Kahawa huleta fedha kwa mkupuo, na fedha hiyo ndiyo inayolipa ada ya shule na kununua bati la nyumba. Mbuni ukiugua, ni mtoto anayerudishwa nyumbani.

Nao mbuni unayo maradhi mawili makubwa. La kwanza ni kutu ya majani. Chini ya jani huonekana unga wa rangi ya chungwa, kisha jani hudondoka, na mti usio na majani hauwezi kulisha matunda yake. Ugonjwa huu ulionekana katika mashamba ya Sri Lanka mwaka 1869, na katika miaka iliyofuata uliifuta kahawa ya kisiwa hicho hata wenye mashamba wakageukia chai. La pili ni chulebuni. Huo hushambulia tunda likiwa bado bichi, ukaliachia madoa meusi yaliyodidimia, na tunda likaoza au kukauka mtini. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Ubaya wake ni kwamba unapenda ubaridi na unyevu wa milimani, yaani pale pale ambapo arabika nayo hustawi. Katika mwaka wa mvua nyingi, mkulima asiyepiga dawa anaweza kupoteza nusu ya mavuno, na hata zaidi.

Dawa ipo, lakini sharti inyunyizwe mara nyingi katika msimu mmoja. Zamani chama cha ushirika kilimkopesha mkulima dawa, kikakata deni lake wakati wa kuuza. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, mpango huo ulilegea, maana mkulima aliyekopeshwa huku aliweza kuuza kule. Halafu bei ya dunia ikaporomoka, na mnamo mwaka 2001 ilikuwa chini mno. Mwenye mibuni mia tatu alijiuliza kama inafaa kununua dawa kwa fedha ambayo kahawa yenyewe haitairudisha. Wengi waliweka bomba chini. Ndiyo maana mti unaojikinga wenyewe una thamani kubwa kwa mtu wa namna hii.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya mtaalamu wa mbegu. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1934. Miongoni mwa aina zilizochaguliwa na kuenezwa kwa wakulima ni N39 na KP423, zenye kahawa nzuri kikombeni lakini zisizo na kinga ya kutosha. Kisa chake ni cha ukoo. Arabika ya mashambani duniani ilitokana na mbegu chache zilizopitia Yemen, hivyo miti yake ni kama ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa unaomweza mmoja huwaweza wote.

Basi kinga ilibidi itafutwe nje ya nyumba. Robusta inazo nguvu dhidi ya kutu, lakini ladha yake ni nyingine, na tena haioani kwa urahisi na arabika, kwa kuwa ina kromosomu 22 na mwenzake ana 44. Bahati nzuri maumbile yenyewe yalikwisha fanya kazi hiyo. Katika kisiwa cha Timor, miaka ya 1920, ulionekana mti uliotokana na arabika na robusta kuchanganyika bila mkono wa mtu, nao ulistahimili kutu. Kinga nyingine ilitoka jirani zaidi, katika milima ya Boma huko Sudan ya Kusini, ambako ilipatikana arabika iitwayo Rume Sudan inayostahimili chulebuni.

Kuchanganya aina hizi si kazi ya mashine. Mbuni huchanua siku chache baada ya mvua, na ua lake hudumu kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo arabika hujichavusha yenyewe. Kwa hiyo mtaalamu hulifungua ua kabla halijachanua, akaondoa kwa kibano vile vijiti vyenye chavua, kama vile fahali anavyohasiwa. Kisha huleta chavua ya mti mwingine, akapaka, akafunika tawi kwa mfuko, akaandika kibandiko. Tunda huiva baada ya miezi saba hadi tisa, nalo lina punje mbili tu.

Punje hizo huoteshwa, na miche ikiwa bado michanga hunyunyiziwa vimelea vya chulebuni kwa makusudi. Inayougua hutupwa. Inayopona hupandwa shambani, nayo huanza kuzaa mwaka wa tatu. Lakini mavuno ya mwaka mmoja hayatoshi kutoa hukumu; sharti yapimwe ya miaka kadhaa, mahali pa baridi na pa joto. Mwisho huja waonjaji. Mti unaweza kuwa na afya na kuzaa sana, lakini kahawa yake ikikosa ladha ya arabika hautafaa sokoni, na hapo mtaalamu huurudisha kuchanganywa tena na N39 au KP423. Kila mzunguko ni miaka.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini aina chotara zilizofanyiwa kazi Lyamungu kwa zaidi ya miongo miwili zilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 2005, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001. Majirani zetu wa Kenya nao walitoa Ruiru 11 mwaka 1985, na aina yao ya Batian ikaja mwaka 2010.

Mtu wa mjini akisikia kwamba mbegu imetolewa, hudhani mambo yamekwisha. Kumbe huo ni uzazi wa kwanza tu. Mbuni huzaliwa mara ya pili unapozidishwa hadi kumtosha mkulima, na uzazi huu nao una uchungu wake.

Mchotara hauaminiki kwa mbegu. Ukipanda punje zake, watoto hutawanyika: huyu amerithi kinga, yule amerithi udhaifu. Kwa sababu hiyo hukatwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi, vikaoteshwa mizizi penye kivuli na unyevu. Mti mmoja hutoa vikonyo vya kuhesabika, na kikonyo hukauka upesi. Kati ya Lyamungu na Kasulu kuna safari ya kuvuka nchi. Haiwezekani kumhudumia mkulima wa Kigoma kwa kumpakilia miche kwenye basi. Ndiyo faida ya kituo kidogo cha TaCRI kilichopo Mwayaya, huko huko Buhigwe, na ya bustani mama zinazotunzwa na vikundi vya wakulima. Bustani mama ikiwa karibu, mche unapatikana kijijini.

Hata hapo lipo swali gumu la mkulima mwenyewe. Kung'oa mbuni wa baba yake ni kukaa miaka mitatu bila senti ya kahawa. Mkulima anayesita si mjinga, anapiga hesabu. Njia inayofaa ni kubadilisha shamba kipande kwa kipande, mibuni michanga ikikua pamoja na maharage, huku ya zamani ikiendelea kulipa ada.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mche wa bei rahisi uliookotwa chini ya mbuni chotara wa jirani si chotara. Anayeununua atagundua ukweli mwaka wa tatu, na miaka hiyo hakuna wa kumrudishia. Pili, mti unaozaa sana hula sana. Usipowekewa samadi au mbolea huzaa kwa pupa, kisha matawi yakakauka, na mwenyewe akasema amedanganywa.

Wala kinga si ya milele. Kutu ya majani ina aina nyingi, na mpya hutokea. Huko India, aina ya Kent ilisifiwa kwa kustahimili kutu, lakini miaka michache baadaye kutu nyingine ikaivamia. Kwa hiyo siku mbegu mpya inapotolewa, kazi ya kutafuta itakayoifuata inapasa iwe imekwisha anza.

Wasikilizaji, bajeti zetu ni za mwaka mmoja mmoja, lakini mbuni haujui bajeti. Fedha ya utafiti ikikatika miaka miwili, miche ya majaribio hufa na vibandiko hupotea, na anayekuja baadaye huanza na ua la kwanza. Bustani mama ikikosa maji msimu mmoja, kijiji kizima hurudi nyuma. Gharama hiyo haionekani mjini mwaka huo huo. Huonekana baada ya miaka kumi, pale Kasulu, kwa mzazi mwenye kahawa iliyooza mtini na barua ya shule mkononi.